Chupa ya Kipkemoi

Kericho, nyumba za wachuma chai, laini namba saba
3 Machi 2024

Kwa kaka yangu Kipkemoi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi sijambo, ila mgongo tu, nao nimeshauzoea kama mtu anavyomzoea jirani mlevi. Wewe je? Na wifi yangu Chepkirui, magoti yake yanaendeleaje? Watoto wote wasalimie, mkubwa kwa mdogo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu unapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto, na tukimaliza sijui tumekubaliana nini. Barua hii anakuletea Yunia, yule jirani yangu wa kutoka ziwani anayeuza omena, dagaa wa huko kwao, soko la Sigor mara mbili kwa wiki. Majibu mpe yeye huyo huyo.

Nianze na habari mbaya. Mashine za kuchuma chai zimefika mpaka sehemu yetu. Mashine moja na watu watano wanamaliza asubuhi shamba ambalo sisi wanawake arobaini tulilimaliza kwa siku mbili. Tumeambiwa mwisho wetu ni Juni. Miaka ishirini na saba, Kipkemoi, na mikono hii haijui kazi nyingine.

Basi unajua tegemeo langu ni nini. Ni Supavaiza, ng'ombe wangu. Mume wangu alikufa bila kuniachia kitu wala mtoto. Baba, Mungu amlaze pema, alinikatia kipande cha ardhi chenye kibanda kando ya boma lako, lakini ardhi bila ng'ombe ni mahali pa kukaa ukingoja wifi akupakulie. Nilikuwekea Supavaiza akiwa mtamba, mwaka wa nne huu, ukamlisha, maziwa mkanywa wewe na watoto, na sijawahi kulalamika kwa sababu ndiyo desturi yetu. Sasa narudi. Nataka niingie kwangu na ng'ombe wangu, nikamue mwenyewe, nipeleke maziwa kwa jina langu. Sitaki kuzeeka nikiwa shangazi wa pembeni ya jiko.

Anazaa mwezi huu. Akionyesha dalili yoyote mbaya, tafadhali muite daktari wa mifugo, yule binti kutoka Longisa anayezunguka na pikipiki. Najua unavyojivunia chupa yako ya kunyweshea dawa. Chupa ni ya kuvimba tumbo. Mambo ya kuzaa ni ya daktari.

Dada yako,
Janeffer


Sigor
15 Machi 2024

Kwa dada yangu Janeffer,

Nyumba nzima inakusalimu, na sisi tuko wazima. Mvua imeanza. Magoti ya Chepkirui yaliitangaza siku mbili kabla ya redio.

Furahi! Supavaiza alizaa juzi, ndama jike, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Maziwa yalikuwa yanadondoka yenyewe kabla hata ya kuguswa. Jina umpe wewe, ila usimpe la cheo kingine, mmoja ametosha kututazama kwa dharau.

Leo asubuhi nimemkuta mama mtu amelala, hataki kusimama. Masikio yake baridi. Shingo ameikunja, kichwa amekilaza ubavuni kama mtu aliyenuna. Ilipofika saa nne ubavu wa kushoto ukaanza kujaa, nikajua ni lile tumbo. Usiogope. Dawa yangu unaijua: mafuta ya kupikia nusu chupa, magadi kijiko, maji ya vuguvugu, tikisa. Mwanangu Kipchoge ameshika pembe, mimi nimeinua kichwa, nimevuta ulimi pembeni, nimemimina. Leo ni mzito wa kumeza, lakini kiasi kimeshuka. Umesahau fahali wa mzee Kebaso alivyokuwa amevimba kama ngoma, na jioni ile ile akapanda ng'ombe wa watu? Ng'ombe kumi na tisa nimewasimamisha kwa chupa hii, wakati huyo binti wako wa pikipiki bado anabebwa mgongoni.

Majirani wamekuja kuangalia, boma limejaa. Jioni atakuwa amesimama. Naacha hapa, wananiita.

Kaka yako,
Kipkemoi


Kericho
22 Machi 2024

Kaka,

Natumaini mko salama. Mimi siko salama hata kidogo.

Barua yako Yunia aliniletea Jumapili. Nilifurahi kwa ajili ya ndama, na yale mengine yakanitia baridi. Nimekupigia simu mara tisa, imezimwa. Nimempigia Chepkirui, akasema, "Ngoja nikuitie," ikakatika, na haijashikwa tena mpaka leo. Ng'ombe amesimama au hajasimama? Hilo ni swali la neno moja.

Jana nilimsomea barua yako Onyiego, anayetibu ng'ombe wa maziwa wa huku shambani. Nilipofika pale pa masikio baridi akanikatiza. "Mama, hiyo si kuvimba," akasema. "Hiyo ni homa ya maziwa. Imezaa juzi, maziwa imemaliza kalsiamu yote kwa mwili. Inawekwa dripu kwa mshipa, saa moja tu inasimama inaanza kukula. Tumbo inajaa kwa sababu imelala. Ambia kaka yako asiweke kitu kwa mdomo."

Halafu akaniuliza barua ni ya tarehe ngapi. Nilipomwambia, akaanza kufunga mkoba wake.

Usimpe kitu chochote mdomoni. Muite yule binti. Nijibu.

Dada yako,
Janeffer


Sigor
5 Aprili 2024

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi tunaendelea kwa neema yake, ingawa Chepkirui anakohoa kidogo. Tunakuombea mgongo.

Dada, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Supavaiza alituacha. Nilichelewa kukujulisha kwa sababu ya uchungu, na simu yangu iliingia maji. Ugonjwa uliokuja ulikuwa mkali, binadamu hakuwa na la kufanya. Tulimzika nyuma ya boma kwa heshima, maana nyama ya ng'ombe mgonjwa haifai kuliwa. Barua yako ilifika tayari mambo yamekwisha.

Ndama yuko na anakunywa vizuri. Nitamlea kama wangu. Miaka mitatu si mingi, atazaa, utakuwa na ng'ombe tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Jipe moyo.

Kaka yako anayekupenda,
Kipkemoi


Kericho
9 Aprili 2024

Kipkemoi,

Sitakuuliza hali. Unayo hali nzuri, unaongopa kwa mwandiko mzuri na mstari ulionyooka.

Ulimzika nyuma ya boma. Kwa heshima. Ngoja nikueleze alipozikwa. Tarehe kumi na sita Machi, siku ya soko, Yunia alimaliza omena mapema, akaona nyama ya bei nafuu inauzwa kwenye meza kando ya kinyozi. Akanunua kilo mbili. Akarudi nayo Kericho pamoja na barua yako. Jumapili akapika, akaniletea bakuli kwa sababu mimi ni jirani yake na alijua niko peke yangu. Nikala. Nilikuwa nimeweka barua yako kando ya bakuli, nasoma "jioni atakuwa amesimama," na nikaomba kabla ya kula, nikamwambia Mungu ahsante kwa ajili ya Supavaiza. Nilikula, kaka. Nilifuta bakuli kwa ugali.

Wiki iliyopita Yunia alikuja na barua yako ya mazishi. Nilipomsomea akashika mdomo. Alikuwa amemuuliza muuzaji nyama ile ilitoka wapi, kwa sababu watu waliisifu, naye akamwambia bila kuficha: "Ni ile ya Kipkemoi, iliyozaa." Hakujua kwamba ng'ombe huyo ni wangu. Amelia kwangu mpaka nikaanza kumbembeleza yeye, mimi mwenye msiba.

Sasa fikiria vizuri. Barua ile uliiandika tarehe kumi na tano mchana. Ulimkabidhi Yunia tarehe kumi na sita. Ng'ombe wangu alikuwa tayari mezani, anakatwa kwa panga, na wewe ukampa Yunia karatasi inayosema atasimama jioni. Hukuongeza hata mstari. Kalamu nayo ilikuwa imeingia maji?

Na ngozi iko wapi? Hata mtoto wa kwetu anajua, ng'ombe wa kuwekewa akifa, ngozi yake haiendi popote mpaka mwenye ng'ombe aje aione, ikiwa bado na masikio. Hiyo ndiyo tofauti ya msiba na wizi. Baba alitembea siku mbili kwenda kuangalia ngozi ya ng'ombe aliyemwekea rafiki yake, akaishika, akasema "ni yeye," wakanywa maziwa ya mursik, yakaisha. Mimi ngozi yangu nikaiulize wapi, kwa kinyozi?

Sikiliza la mwisho, hili ndilo linaloniwasha. Nilirudi kwa Onyiego. Nikamwambia, niambie sasa ulichonificha. Akaniambia ng'ombe mwenye homa ya maziwa hawezi kumeza. Koo limelala kama miguu ilivyolala. Ukiinua kichwa chake na kumimina, dawa haiendi tumboni, inaingia mapafuni. "Mama," akasema, "hiyo ng'ombe haikufa na ugonjwa. Ilizama."

Umemzamisha ng'ombe wangu nchi kavu, kwa mafuta ya kupikia, kichwa kikiwa mikononi mwako. Nilikuambia. Nilikuandikia kabla, kwa lugha rahisi: chupa ni ya tumbo, mambo ya kuzaa ni ya daktari. Ningekuja mwenyewe kukuambia haya usoni, lakini mwezi huu anayekosa kazi siku tatu jina lake linatangulia kwenye orodha ya kuondoka. Kwa hiyo shukuru.

Janeffer


Sigor
20 Aprili 2024

Janeffer,

Salamu zako umezizuia, zangu nakupa kwa sababu nilifunzwa adabu. Hujambo?

Barua yako niliisoma mara moja. Chepkirui aliisoma, akaiweka chini, akaenda nyuma ya nyumba, hakutoka huko mpaka saa ya kukamua. Umeridhika?

Unanihesabia makosa kwa tarehe kama karani. Haya, na mimi nihesabu. Mama alipolala miezi kumi na mmoja, nani alikuwa anamgeuza? Wewe ulituma majani ya chai na salamu. Baba alipopotewa na akili, akawa anatoka na kuelekea mtoni, nani alimfuata? Miaka minne nani alikata majani ya nepia kwenye mvua, akampeleka Supavaiza joshoni, akamtoa kupe kwa vidole? Ulikuwa unamjua ng'ombe huyo kwa picha ya simu! Unakuja Krismasi, unampiga picha, unamwita jina la kuchekesha, unarudi Kericho. Mimi ndiye niliyemlea, na uchungu wa kumpoteza unaniambia sina?

Ndiyo, nilimwahi kwa kisu kabla hajakata roho. Mkulima gani asingefanya hivyo? Tungeacha nyama ioze? Ngozi ilichukuliwa na aliyechinja, ndiyo malipo yake. Nilikuandikia nimemzika kwa sababu nilijua mdomo wako.

Na huyo binti wa pikipiki unayemtaja kila barua. Unajua alichofanya? Alikuja kwenye mkutano wa wakulima mwezi wa Januari, akasimama mbele ya watu wote, mbele ya watoto wangu, akasema kuna wazee wanaua ng'ombe kwa chupa na wanajiita madaktari. Watu wakanigeukia. Mtoto ambaye mama yake nilimsomesha Sunday school! Mimi nimpigie simu, nimwambie njoo, boma langu limenishinda? Afadhali ng'ombe wote wafe.

Huyo Onyiego wako hakuwepo. Hajui alichofanya ng'ombe. Anatibu kwa kusomewa barua, halafu mimi ndiye mganga wa kienyeji.

Usiniandikie tena. Ndama wako utamkuta.

Kipkemoi


Kericho
2 Juni 2024

Kipkemoi,

Umesema nisiandike na nimekaa wiki sita. Sikukaa kwa sababu umeniambia. Nilikuwa nasubiri hasira ipungue, na imekataa, kwa hiyo naandika nayo.

Natumaini kikohozi cha Chepkirui kimekwisha. Kuhusu mama na baba ulisema kweli, na sijawahi kukushukuru. Ahsante. Hilo liko upande wake, na hili liko upande wake. Kumgeuza mama kitandani hakukupa ruhusa ya kunidanganya.

Jina langu limesomwa. Siku yetu ya mwisho ni tarehe ishirini na nane mwezi huu. Baada ya hapo chumba hiki wanakifunga. Narudi kwenye kipande changu bila kitu cha kukamua, na watu wa huko watanipa pole, nami nitasema ahsante, na hao hao walikuwa wamesimama wanaangalia ng'ombe wangu akizamishwa.

Sitaki maneno mengi kutoka kwako. Nina swali moja. Onyiego amenieleza kwamba ng'ombe anapoanza kuzama, dawa hurudi puani. Anakohoa, na pumzi inakoroma. Anasema huwezi kushika kichwa usione. Umesema hakuwepo. Wewe ulikuwepo.

Uliona, au hukuona?

Dada yako,
Janeffer


Sigor
11 Juni 2024

Kwa dada yangu Janeffer,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Chepkirui amepona kikohozi. Haongei nami sana. Yeye alikuwepo pia.

Nimeanza karatasi hii mara nne. Kipchoge aliniuliza naandika nini nikamwambia ni ya chama cha maziwa. Unaona ninavyoanza? Hata kwa mwanangu.

Niliona.

Chupa ya kwanza niliimimina kwa nia njema, Mungu ni shahidi. Ilipofika nusu akakohoa, mafuta yakatoka matundu yote mawili ya pua, yana povu. Nikalipangusa kwa kiganja kabla watu hawajaona. Kifuani kukaanza kukoroma kama maji kwenye mrija. Nilijua kitu hakiko sawa. Sikujua homa ya maziwa, hilo sikulijua, lakini hiyo sauti mkulima yeyote anaijua. Nikashusha kichwa chake. Kama ningeacha pale, na kumpigia yule binti, sijui. Pengine.

Nikaingia ndani ndipo nikaandika ile barua, kwa sababu nilitaka kukaa chini kidogo mbali na macho ya watu. Kwa hiyo nilipokuandikia kwamba kiasi kimeshuka, nilikuwa nimeshaona mafuta puani. Halafu wakaniita. Nikatoka. Boma lilikuwa limejaa, watu kumi na tano au zaidi. Alfayo wa duka akasema kwa sauti, "Mzee, leo chupa imekataa ama?" Watu wakacheka. Si kicheko kibaya, cha kawaida tu. Lakini nilikumbuka mkutano wa Januari, nikaona nikisimama pale nikasema imekataa, mambo yangu yamekwisha hapa Sigor. Nikamwambia Kipchoge atengeneze nyingine. Chepkirui alisema, "Baba Kipchoge, wacha." Alisema mara mbili. Nikamwambia anyamaze.

Chupa ya pili niliimimina yote.

Hakupigana nami. Alinitazama tu. Macho yalipoanza kugeuka nikaita kisu, na nikasema kwa nguvu kwamba ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye damu. Wote wakakubali. Wananiamini, Janeffer. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Sasa umejua. Sina la kujitetea.

Kaka yako,
Kipkemoi


Kericho
14 Juni 2024

Kaka,

Nimeisoma. Hujambo wewe, hajambo Chepkirui, mwambie namheshimu kuliko nilivyowahi kumwambia.

Nilidhani nikijua nitapata nafuu. Sikupata. Nilienda kuchuma siku ile nikajaza kikapu bila kujua nimejaza nini, mnyapara akanirudishia nusu kwa sababu ni majani yaliyokomaa. Ulimuua ng'ombe wangu kwa sababu mwenye duka alicheka. Mimi nimechekwa na mashine, Kipkemoi, sijamuua mtu.

Kwa kuniandikia mimi umelipa nusu ya deni. Mimi sikuwa bomani. Wale waliokuwepo walienda nyumbani wakiamini ugonjwa ulikuwa kwenye damu, na kesho ng'ombe wa mtu atazaa, ataanguka, watakuja mbio kukuita, na wewe utaenda, nakujua. Kwa hiyo nenda kituo cha maziwa asubuhi wakiwa wote wamepanga foleni na makopo yao. Useme kama ulivyoniandikia. Chupa ya kwanza na chupa ya pili. Usiniweke mimi mbele, usiseme dada ananisumbua. Sema wewe.

Ukikosa, nitakuja niwasomee barua yako mwenyewe. Ninayo hapa chini ya godoro.

Dada yako,
Janeffer


Sigor
23 Juni 2024

Kwa dada yangu Janeffer,

Salamu. Mimi niko, siwezi kusema zaidi ya hapo.

Nilienda jana. Nilikuwa nimeenda juzi pia nikarudi na maneno mdomoni. Jana nilisimama kwenye ngazi ya kituo, gari la maziwa likiwa bado halijafika, nikasema nina neno. Walidhani ni tangazo la mazishi, wakavua kofia.

Nikawaambia. Kwamba ng'ombe wa dada yangu hakufa kwa ugonjwa, nilimzamisha. Kwamba niliona mafuta puani nikayapangusa. Kwamba nilimimina chupa ya pili kwa sababu ya aibu. Nikawaambia na dalili, kama Onyiego wako alivyosema: amezaa juzi, masikio baridi, shingo imekunjwa, usimpe kitu mdomoni, piga simu kwa binti. Yeye mwenyewe alikuwepo, alikuwa amekuja kupima maziwa. Hakucheka. Alitazama chini.

Nilidhani watanitukana. Alfayo akaanza kusema, "Sasa mzee, mambo ya zamani..." Ndipo mama Bitutu, yule Mkisii jirani wa bondeni, akaweka kopo lake chini. Akaniuliza polepole, "Na yangu? Ile ya mwaka juzi, iliyozaa mapacha? Si ilikuwa masikio baridi?"

Janeffer, nilikuwa nimeisahau. Nilipomtazama ikanijia yote. Nilimwambia, "Ndiyo. Na yako pia."

Akasema, "Nilikupikia kuku siku hiyo. Nilikushukuru."

Baada yake mzee Seth akauliza. Kisha mwingine, na mwingine. Kila mmoja alikuwa na ng'ombe wake, na siku yake, na alikumbuka vizuri kuliko mimi. Waliuliza mpaka gari la maziwa likaja na kuondoka, na nusu ya watu hawakupima. Wengine niliwaambia hapana, yule alikuwa amevimba kweli, akapona au akafa kwa tumbo. Sikuongeza na sikupunguza. Kwa miaka ishirini nilikuwa nikihesabu waliosimama tu. Jana nimehesabu wengine. Ni sita, na wako wa saba.

Wameniachia njia nikapita. Hakuna aliyenigusa.

Chepkirui alinipakulia chai jioni, akakaa nami. Kipchoge amehamia kwa mjomba wake kwa muda, anasema wenzake wanamuuliza kama ni yeye aliyeshika pembe. Hilo nalo ni langu.

Ndama amefungwa kwenye kipande chako, si bomani kwangu. Nimemjengea paa. Sitamgusa akiugua. Namba ya binti nimeiandika kwa makaa ukutani kwako.

Sijui niweke nini mwishoni. Naweka jina.

Kipkemoi


Kericho
25 Juni 2024

Kaka,

Nimepata yako. Mgongo unauma, mengine mazima.

Sijakusamehe. Usije ukawaambia watu nimekusamehe, na usinichinjie kuku. Kwa mama Bitutu nitaenda mwenyewe nikifika, kabla sijaingia kwangu.

Nitashuka Sigor Jumamosi, saa nane hivi. Nina kitanda, masanduku mawili na jiko. Njoo unipokee stendi, uje na mkokoteni. Mizigo ni mizito na siwezi kuibeba peke yangu.

Dada yako,
Janeffer